Utulivu, jicho na tabia: akili inafundishwaje kwenye karate na judo

Tarehe 7 Agosti 2021, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza fainali ya karate ya uzito wa juu kwa pointi 4 dhidi ya 1 ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Saudi Arabia ilikuwa haijawahi kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote. Akarusha teke la juu, likampata Ganjzadeh sawasawa, na Mwiran yule akaanguka chini hana fahamu. Madaktari wakaingia, akawekwa kwenye machela, akatolewa na barakoa ya oksijeni usoni. Waamuzi wakashauriana, kisha wakamwondoa Hamedi kwa kosa la kupiga bila kudhibiti nguvu. Aliyetolewa kwa machela ndiye aliyepewa dhahabu. Aliyebaki amesimama aliangua kilio, akaondoka na fedha.

Mtu aliyezoea ndondi atauliza: mchezo gani huu ambao anayeangushwa ndiye anayeshinda? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba katika karate ya mashindano ya aina ile, teke la kichwani linalipwa pointi 3 likifika kwenye shabaha kwa kasi kamili na kuishia pale pale, bila kumvunja mtu. Kudhibiti nguvu kunahesabiwa ndani ya ufundi wenyewe, pamoja na kasi, umbali na shabaha. Kimwili teke lile lilikuwa safi kabisa. Kilichozidi ni kipimo, nacho kilizidi ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, mbele ya dunia nzima, kwa kijana aliyekuwa anaiona dhahabu kwa macho. Simhukumu. Namtaja kwa sababu sijui mfano mwingine unaobana swali hili vizuri kiasi hicho: katika teke lile, mwili uliishia wapi na akili ikaanzia wapi?

Mazungumzo ya mizani kati ya akili na mwili huwa yanaendeshwa kana kwamba ni suala la kugawana saa. Dakika ishirini za kukaa kimya macho yamefumbwa, saa moja ya kupiga ngumi, basi mizani imekaa sawa. Naona hapo ndipo tunapopotea, na tunapotea kwanza kwa kuyaita mambo matatu kwa jina moja. Mwalimu mmoja akisema anafundisha akili, anataka mwanafunzi wake asitaharuki anapovamiwa. Mwingine anazungumzia kumsoma mpinzani, kujua anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Wa tatu anazungumzia tabia: heshima, subira, kutomwonea mnyonge. Wote wako sahihi. Ila mambo hayo hayafundishwi kwa njia moja, na aliyefaulu katika moja hapewi mengine kama nyongeza.

Hofu inakaa mwilini

Mtazame mwanafunzi mgeni siku anapoingia kumite, yaani pambano la karate la watu wawili, kwa mara ya kwanza. Wiki kadhaa amekuwa akipiga ngumi za hewani vizuri tu, mkono unanyooka, kiuno kinazunguka. Sasa mwenzake anasogea hatua moja, na mabega yanapanda hadi karibu na masikio. Kidevu kinajitokeza. Ngumi zinakazwa mpaka mikono inatetemeka, na kila pigo linapokuja anafumba macho. Ukimsikiliza kwa makini utagundua hasikiki akipumua: amebana pumzi tangu alipoinama kusalimia. Baada ya dakika moja yuko hoi, na huyu ni mtu anayeweza kukimbia kilomita tano bila kusimama.

Hana ugonjwa wowote. Mwili wake umefanya kazi uliyoumbiwa: umemwaga adrenalini, moyo umeongeza mapigo, misuli imekakamaa, macho yamejifunga kwenye kile tu kinachotishia. Ni maandalizi mazuri ya kumkimbia mnyama mkali, na ni maandalizi mabaya ya kuona upenyo wa sentimita kumi kwenye ulinzi wa mtu. Kumpigia kelele za "tulia!" kutoka pembeni hakumtulizi, kunampa jambo jingine la kuogopa.

Kinachosaidia ni kuingilia pale panapoingilika. Huwezi kuuamuru moyo upunguze mapigo, wala tezi ziache kumwaga adrenalini. Pumzi unaweza kuiamuru. Ukiitoa taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulioivuta, neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni inaupunguzia moyo kasi. Walimu wa zamani hawakuijua neva hiyo kwa jina, lakini waliiweka pumzi ndani ya mazoezi ya viungo yenyewe, na hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Chukua Goju-ryu, mtindo wa Okinawa uliojengwa na Miyagi Chojun (1888–1953), ambao Dar es Salaam umeota mizizi tangu miaka ya 1970 kupitia dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ya Zanaki. Ndani yake kuna kata, yaani mfululizo wa mbinu uliopangwa, iitwayo Sanchin. Kwa macho ya mgeni haina kitu: hatua chache za nusu duara, ngumi za polepole, nyayo zimeng'ang'ania sakafu. Lakini kila mkono unaotoka unatoka na pumzi inayosikika kutoka tumboni, huku misuli imekazwa kuanzia vidole vya miguu. Mwanafunzi akiwa katikati ya kata, mwalimu anamzunguka. Anampiga mabegani kwa viganja vyote viwili, anambonyeza mbavuni, anagonga mapaja, anamsukuma kiunoni kuona kama amekita. Anatafuta mahali pumzi inapokatika. Mwanafunzi akishtuka kwa kibao cha begani, pumzi inakatika, na wote wawili wanajua kazi iko wapi.

Zoezi hilo uliweke upande gani wa mizani? Mapaja yanawaka, jasho linatiririka, na linalofundishwa ni kubaki na pumzi yako wakati mtu anakugonga. (Wenye presha ya juu wawe waangalifu: kukaza mwili mzima huku umebana pumzi hupandisha shinikizo la damu haraka. Sanchin ya kukaza sana haifai kujaribiwa nyumbani kwa kuangalia video.)

Judo ilipita njia nyingine. Kano Jigoro alikuwa na miaka 21 alipoanzisha Kodokan mwaka 1882, ndani ya hekalu la Eishoji jijini Tokyo, na wanafunzi wake 9 kwenye ukumbi wa mikeka 12. Jujutsu aliyoikuta, sanaa ya zamani ya kupambana ya Japani, ilikuwa na mbinu nyingi za kuvunja viungo na kupiga sehemu za hatari, mbinu ambazo huwezi kumfanyia mwenzako kwa nguvu zote na kesho ukamkuta mazoezini. Kano aliziweka hizo kwenye kata, zifanywe kwa mpangilio. Kwenye mapambano huru, yaani randori, akabakiza zile ambazo mtu anaweza kufanyiwa kwa nguvu kamili na akainuka. Uamuzi huo unaonekana ni wa kiufundi, lakini tunda lake kubwa lilikuwa kwenye akili. Mwanafunzi wa judo alikutana na mtu anayempinga kwa dhati kila siku, akatupwa, akainuka, akashikana naye tena. Ule mshtuko wa kuvamiwa ukawa jambo la kawaida kama kuvaa gi, vazi la mazoezi.

Na kabla ya randori kuna ukemi, mafunzo ya kuanguka, ambayo kwa maoni yangu ndiyo somo kubwa zaidi la akili katika judo nzima ingawa hakuna anayeliita hivyo. Anayeogopa kuanguka hujikaza anaposhikwa. Akijikaza, hahisi mwenzake anaelekea wapi. Asipohisi, anatupwa kirahisi zaidi na hofu inaongezeka. Mwondolee hofu ya sakafu, na mtu yule yule anaanza kufikiri akiwa bado ameshikwa kola. Huku kwetu hapa pananiumiza: dojo nyingi ziko kwenye madarasa na kumbi zenye sakafu ya saruji, na mikeka ya judo ni ghali. Kuanguka hakufundishwi, au kunafundishwa kwa woga. Vijana wanapewa maneno mengi ya ujasiri, wakati hofu yao iko kwenye saruji. Anayetaka kuwajenga kiakili vijana hao angeanza kwa kuchangia mikeka.

Sikidharau kile kikao kifupi cha kufumba macho mwanzoni na mwishoni mwa mazoezi. Kinafunga mlango wa mambo ya kazini na foleni za barabarani, na hilo ni kubwa kwa mtu aliyeingia dojo akitoka kugombana na kondakta. Ila utulivu wa chumba kimya hauhamii kwenye pambano wenyewe. Aliyejifunza kupumua akiwa amekaa ana kazi ya kujifunza tena kupumua akiwa amechoka, na mara nyingine tena akiwa anapigwa.

Jicho linatangulia mkono

Ubongo unahitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kuona kitu na kuanza kujibu, hata kama jibu ni rahisi kama kubonyeza kitufe. Ukiongeza machaguo, ya kukinga, kukwepa au kushambulia, muda unarefuka. Ngumi ya moja kwa moja ya mtu aliyefunzwa, ikitokea karibu, inaweza kufika ndani ya muda huo au pungufu. Kwa hesabu hiyo, anayesubiri kuiona ngumi ndipo ajibu amekwisha kupigwa. Hata hivyo kila mwisho wa wiki kuna watu wanakwepa ngumi ulingoni.

Wanakwepa kwa sababu wameanza kujibu kabla haijatoka. Wameona uzito ukihamia mguu wa mbele, bega likishuka kidogo, nyonga ikianza kugeuka. Watafiti waliofuatilia macho ya wapiganaji wamekuta kwamba wazoefu huyatuliza kwenye kichwa na kifua cha mpinzani na kuacha mengine yaingie kwa pembeni, ilhali wageni huyarusharusha kutoka mkono hadi mguu na kurudi. Walimu wa kendo, mchezo wa upanga wa mianzi, wana usemi wao wa siku nyingi: mtazame mpinzani kama unavyotazama mlima ulio mbali.

Katika karne ya 17 mtawa wa Zen, dhehebu la Kibuddha, aitwaye Takuan Soho alimwandikia Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa watawala wa ukoo wa Tokugawa, barua inayosomwa hadi leo. Takuan hakuwa mpiganaji. Alimweleza Munenori kwamba akili ikisimama mahali, mtu anauawa hapo hapo. Ukiiweka kwenye upanga wa mpinzani, umetekwa na upanga huo. Ukiiweka kwenye upanga wako mwenyewe, umetekwa na huo. Hata ukiiweka kwenye nia ya kutouawa, nia hiyo imekuteka. Akamkumbusha Kannon, mtakatifu wa huruma katika Ubuddha, anayechorwa na mikono elfu: akili ikikwama kwenye mkono mmoja ulioshika upinde, mikono mingine 999 haina kazi.

Wanasaikolojia wa michezo wamefika karibu na hapo kwa njia yao. Majaribio ya tangu miaka ya 1990 yameonyesha kwamba mtu ambaye ufundi wake umekwisha kuiva, akiwekwa kwenye presha na kuanza kujifuatilia hatua kwa hatua, huanza kukosea mambo anayoyafanya kila siku bila shida. Mchezaji wa kandanda anayekosa penalti ya mwisho analijua hilo.

Lakini barua ya Takuan imesomwa vibaya na watu wengi wanaotaka njia ya mkato. Wanasema: ondoa mawazo kichwani, na mkono utajua. Munenori alipokuwa anasoma maneno hayo, mkono wake ulikuwa na miongo ya mazoezi. Ndio uliokuwa unajua. Mgeni akiondoa mawazo kichwani anabaki mgeni asiye na mawazo. Akili inaachiwa nafasi ya kutazama pale tu mwili unapokuwa hauhitaji tena kuuliza mguu ukanyage wapi, na hapo hapana njia isipokuwa marudio: ngumi ile ile, hatua ile ile, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 2012 watafiti wa Imperial College London na University College London walichapisha kazi inayogusa jambo hili moja kwa moja. Waliwachukua watu 12 wenye mkanda mweusi wa karate na wengine 12 wa umri unaolingana, wanaofanya mazoezi ya kawaida lakini hawajui karate. Wakawapima ngumi inayotoka umbali wa sentimita 5 tu, na kuwapiga picha za ubongo. Wenye mikanda walipiga kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo ilikwenda sambamba na jinsi bega na kifundo cha mkono vilivyooanishwa kwa wakati, si na ukubwa wa misuli. Picha nazo zilionyesha tofauti kwenye nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo, ikiwemo serebela, ile sehemu ya nyuma inayopanga mpishano wa misuli. Kundi lilikuwa dogo, na utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba karate ndiyo iliyobadilisha ubongo. Hata hivyo unatosha kumfanya mtu asite kabla ya kusema kwamba kupiga ngumi elfu moja ni kazi ya misuli.

Marudio pekee nayo hayatoshi. Nimewaona vijana wenye kata za kupendeza, kila kona imenyooka, wanaoganda wakikutana na mtu asiyefuata mpangilio. Mkono wao unajua namna, haujui lini. Hilo la lini linatoka kwa mwenzako anayebadilika: anayekupa upenyo wa kweli na wa uongo, anayepunguza mwendo ghafla, anayekukaribia kwa namna usiyoizoea. Na kujiona akilini ukifanya mbinu kabla ya kulala, zoezi ambalo makocha wengi sasa wanalipenda, kunamsaidia zaidi aliyekwisha kuifanya mbinu hiyo kwa mikono yake. Asiyeijua anachora picha ya kitu asichokiona.

Halafu kuna uchovu. Tarehe 30 Oktoba 1974 jijini Kinshasa, Muhammad Ali mwenye miaka 32 aliegemea kamba na kumwacha George Foreman mwenye miaka 25, aliyekuwa hajashindwa hata pambano moja, ampige hadi achoke. Raundi ya 8 Foreman akaanguka. Kila anayesimulia pambano lile husifu akili ya Ali, na anastahili. Ila mpango ule ungekuwa wa kujiua bila mwili ulioandaliwa, mikono na tumbo vilivyozoeshwa kupokea mapigo mazoezini. Upande wa pili, kadiri Foreman alivyochoka ndivyo alivyozidi kurudia kosa lile lile. Mapafu yakiisha, uamuzi unaisha nayo. Mwalimu anayempa mwanafunzi mkanda wa juu kwa ufasaha wa maneno huku pumzi yake ni ya dakika mbili, anamdanganya kuhusu akili yake pia.

Utulivu si wema

Hapa kwenye tabia ndipo ninapoona ahadi nyingi zisizo na msingi. Dojo karibu zote hutangaza kwamba mtoto atapata nidhamu na heshima, kana kwamba vinatoka jasho likitoka. Historia ya michezo hii haisemi hivyo.

Itosu Anko, aliyesaidia kuingiza karate kwenye shule za Okinawa kuanzia mwaka 1901, aliwaandikia wakuu wa elimu mwaka 1908 akiisifu kwa afya na kwa tabia, na pia kwa sababu watoto wakianza mapema watafaa jeshini. Mwaka 1931 Japani ilifanya judo na kendo kuwa masomo ya lazima kwa wavulana wa shule za kati. Vijana wale walifundishwa utulivu mbele ya kifo, wakafundishwa vizuri, na utulivu huo ukapelekwa kwenye vita vilivyoua mamilioni ya watu barani Asia. Baada ya kushindwa mwaka 1945, utawala wa Marekani ulipiga marufuku michezo hiyo mashuleni; judo ilirudi mwaka 1950 na kendo mwaka 1953. Asiyetetemeka mkono anaweza kutumwa popote. Aliye mtulivu anaweza kuwa mlinzi wa wanyonge au mwonezi hodari zaidi ya alivyokuwa jana, na pumzi ya tumboni haichagui kati ya hao wawili.

Kano aliliona hilo mapema. Mwaka 1889, akihutubia wanaelimu wa nchi yake, alieleza kwamba judo ina malengo matatu: kuujenga mwili, kuweza kupambana, na kuadilisha. Hilo la tatu hakuliacha lijilete. Kodokan ilifundisha kwa njia nne, na mbili kati yake hazikuwa na kushikana kola: kulikuwa na mihadhara, na kulikuwa na majibizano ya maswali kati ya mwalimu na wanafunzi. Kano mwenyewe alikuwa mwalimu kwa kazi yake, aliongoza shule na vyuo, na alijua kwamba uadilifu unahitaji kuzungumzwa, kuulizwa na kubishaniwa. Sehemu hiyo ya judo yake ndiyo iliyosafiri kidogo kuliko zote. Duniani kote tumechukua mitupo, tukaacha maswali.

Badala ya maswali, mahali pengi pameingizwa ukali. Imani yenyewe ni kwamba mtu akiteswa vya kutosha atakuwa imara kiakili. Matokeo yake yako wazi kwenye nchi ya judo yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2013 kocha wa timu ya taifa ya wanawake ya Japani alijiuzulu baada ya wachezaji 15 kulalamika kwamba walipigwa makofi na kuchapwa kwa panga za mianzi mazoezini. Na kwenye judo ya mashuleni, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa kati ya 1983 na 2011, wengi kwa majeraha ya kichwa, na wengi wakiwa wanafunzi wapya, ambao walikuwa hawajajua kuanguka. Sisi Tanzania, ambako kiboko bado hakijatoka shuleni, hatuna budi kuliangalia jambo hili bila kupepesa macho. Kumchapa mwanafunzi aliyekosea kata kunamfundisha kuogopa kukosea, na anayeogopa kukosea ndiye yule anayebana pumzi kwenye kumite. Mwalimu wa namna hiyo anaharibu kwa mkono mmoja alichojenga kwa mwingine.

Tabia inafundishwa kwa hali ndogondogo ambamo mtu ana uwezo wa kufanya vibaya na anatakiwa kuchagua. Mwenye kilo 90 akishikana na mwenye kilo 55, atatumia nini? Aliyepigwa kwa haki, ila mwamuzi hakuona, atasema? Kwenye kendo mchezaji anayepata pointi na kurusha ngumi hewani kwa furaha anaweza kunyang'anywa pointi hiyo, kwa sababu baada ya pigo anatakiwa aendelee kuwa macho na kumheshimu mpinzani wake. Kanuni hiyo moja inafanya kazi kuliko mabango kumi ya ukutani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa tarehe 23 Oktoba 1964, ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo. Judo ilikuwa Olimpiki kwa mara ya kwanza. Baada ya zaidi ya dakika tisa za pambano, Mholanzi Anton Geesink alimbana chini Kaminaga Akio, akatwaa dhahabu ya uzito wa wazi, yaani usio na kikomo cha kilo, na Wajapani ukumbini walikuwa wanatazama mchezo wao ukichukuliwa na mgeni. Washabiki wa Kiholanzi wakaanza kukimbilia kwenye mkeka na viatu vyao. Geesink, akiwa bado hajainuka vizuri, akanyoosha mkono kuwazuia. Wakarudi nyuma. Akainuka, akapanga gi yake, akamwinamia Kaminaga. Hakuwa na muda wa kufikiri afanye nini. Mkono ule ulinyooka wenyewe, kama vile mkono unavyokinga teke, na kwa hiyo naamini ulikuwa umefanyiwa mazoezi.

Mizani inahama

Ukiyatazama hivyo, swali la saa ngapi kwa akili na saa ngapi kwa mwili linapungua uzito. La maana ni zoezi lipi linabeba nini, na kwa nani. Mtoto wa miaka saba hahitaji mahubiri ya Zen. Anahitaji kuanguka, kuviringika, kusubiri zamu yake na kumwachia mwenzake anapogonga mkeka kwa kiganja kuonyesha amekubali kushindwa. Kijana wa miaka 18 anahitaji presha ya kweli, mapafu, na mtu wa kumuuliza maswali magumu kuhusu nguvu anazopata. Anayejiandaa kwa mashindano ana shughuli nyingine: azoeshwe kelele, mwamuzi mbaya, kuanza akiwa nyuma kwa pointi. Mama wa miaka 40 anayejifunza kujihami anahitaji mbinu chache zilizoiva, sauti inayotoka bila aibu, na jicho la kuona hatari mapema ili aondoke.

Na kwa wazee mizani inahama kabisa. Nchini Japani mtihani wa dani (ngazi ya mkanda mweusi na kuendelea) ya 8 ya kendo hauwezi kufanywa kabla ya miaka 46, na ni lazima mtu awe amekaa miaka 10 na dani ya 7. Kwa kawaida hufaulu takriban mmoja katika kila mia. Ni mtihani wa mapambano mafupi, na wanaofaulu wapo waliokwisha kupita miaka 60, ambao kasi yao haiwezi kufikia ya kijana. Wanachofanya ni kumsogelea mpinzani kwa namna inayomlazimisha ajibu kabla hajawa tayari, kisha wanapiga mara moja. Miguu yao imepungua, lakini miaka ile yote ya miguu ndiyo imewapa jicho hilo.

Mzazi anayetafuta dojo ya mwanawe asitosheke na vikombe kabatini. Akae pembeni mazoezi mawili matatu. Atazame kama watoto wanafundishwa kuanguka kabla ya kutupana, kama wanapumua, kama wanaocheka wanaruhusiwa kucheka. Atazame mkubwa anapopangwa na mdogo, na mwalimu anakwenda kwa nani kwanza mmoja akiumia. Kisha amsogelee mwanafunzi wa mkanda wa katikati, amuulize kwa nini hatua fulani inafanywa vile. Akijibu "sijui, ila naweza kumuuliza sensei," yaani mwalimu, amwandikishe mtoto. Akijibu kwamba hapa hatuulizi, atafute kwingine.